Barua ya wazi kwa wanaonunua vifaa vya mtandao: msimbo chanzo uandikwe ndani ya mkataba

Kirumba, Mwanza

Kwa Wakurugenzi Watendaji,
Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA na
Wakuu wa Vitengo vya Usimamizi wa Ununuzi,
Halmashauri za Mkoa wa Mwanza.

YAH: SHARTI LA MSIMBO CHANZO KATIKA NYARAKA ZA ZABUNI ZA VIFAA VYA MTANDAO

Ndugu Viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta hapa jijini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufufua vifaa ambavyo ofisi, shule na vituo vya afya vya kanda hii vilinunua vikiwa vipya, na baada ya miaka miwili au mitatu vikageuka mapambo ya mezani. Ombi langu ni moja, na naliweka hapa mwanzoni ili hata asiye na nafasi ya kusoma barua yote alipate: kila mkataba wa kununua ruta (kisanduku kinachounganisha ofisi na intaneti) au kifaa kingine chenye programu ndani yake uwe na kifungu kinachomtaka mzabuni akabidhi, siku ile ile anapokabidhi vifaa, msimbo chanzo wa programu zote huria zilizomo (zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa), yaani maandishi ya programu kama waandishi wake walivyoyaandika, pamoja na maelekezo ya kuyageuza kuwa programu inayofanya kazi na kuirudisha ndani ya kifaa.

Zamani ningesema kifungu hicho si cha lazima sana, kwa kuwa leseni za programu zenyewe zilikuwa zikitudaia haki hiyo. Hali inabadilika, tena inabadilika katika vipande vya chini kabisa vya mfumo, ambavyo mnunuzi wa kawaida hajui hata majina yake.

Nianze na kisa kilichonifanya nishike kalamu. Wakati wa masika niliitwa kwenye kituo kimoja cha afya visiwani. Nilipanda meli ya asubuhi nikiwa na begi la vifaa, nikakuta ruta inawaka taa zote, simu za watumishi zinaunganika nayo vizuri, lakini hakuna taarifa hata moja inayotoka kwenda kwenye mfumo wa takwimu. Muuguzi wa zamu alikuwa amerudi kwenye rejista za karatasi, na rundo lake lilikuwa limeshapita kimo cha chupa ya chai iliyokuwa pembeni. Nilipofungua ukurasa wa ruta ile nikaona tarehe: 1 Januari 1970.

Wenzangu wa TEHAMA wameshaelewa. Kwa wasio mafundi, vifaa vingi vidogo vya aina hii havina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika husahau tarehe, na ukirudi huanza kuhesabu kutoka siku hiyo ya 1970, ambayo ndiyo mwanzo wa hesabu ya muda katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwa mmojawapo. Ruta ile ilitakiwa kufungua njia salama kwenda kwenye seva, na seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kwa ruta inayoamini kuwa tuko 1970, cheti cha miaka hii ni kitu ambacho hakijazaliwa, hivyo inakikataa, tena kwa haki kabisa. Dawa yake ni kuuliza saa kwenye seva ya saa mara tu inapowaka, na kwa kweli ruta ile ilikuwa ikiuliza. Tatizo ni kwamba anwani iliyoandikwa ndani yake ilikuwa ya seva ya muuzaji, na seva hiyo ilikuwa imezimwa zamani.

Niliifungua kwa bisibisi, nikaunganisha nyaya tatu kwenye vipini vilivyo kando ya ubao, nikatazama kioo cha kompyuta yangu. Herufi zilianza kushuka: kiini cha Linux, yaani programu ya msingi inayoendesha kifaa, kisha BusyBox, kisha ombi la nywila. Nikaishia hapo.

Marekebisho yaliyohitajika ni madogo mno. Programu ya OpenWrt, ambayo ni mfumo huria wa ruta, ikiwaka hutazama faili jipya kuliko yote kwenye mipangilio yake na kuichukua tarehe ya faili hilo kama pa kuanzia. Mfumo wa systemd, unaoamsha programu nyingine kwenye kompyuta kubwa za Linux, hutunza saa ya mwisho unayoijua na kuisoma tena unapoamka. Hata kubadilisha tu ile anwani ya seva ya saa kungetosha, na hiyo ni kazi ya mstari mmoja. Nilimwandikia muuzaji. Jibu la kwanza lilisema programu ni mali ya kampuni na haitolewi. Barua mbili zilizofuata hazikujibiwa. Mwishowe kituo kilinunua ruta nyingine, nikaiwekea OpenWrt, na ile ya kwanza nikarudi nayo mjini.

Sasa, kauli kwamba programu ile ilikuwa mali ya kampuni haikuwa kweli. Kiini cha Linux na BusyBox, ambayo ni mkusanyiko wa amri za msingi zilizobanwa ndani ya programu moja ili zienee kwenye vifaa vidogo, vyote viko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, iliyotolewa mwaka 1991. Leseni hiyo humruhusu mtu kuuza, kubadilisha na kusambaza atakavyo, ila humwekea sharti: akikugawia programu katika hali ya kutumika tu, aambatanishe msimbo chanzo, au akupe ahadi ya maandishi, inayodumu miaka isiyopungua 3, ya kumpatia msimbo huo yeyote atakayeuomba. Na msimbo unaotajwa humo ni pamoja na maandishi yanayoongoza namna ya kuijenga programu na kuisakinisha. Kwa lugha ya mwaloni, ukiuziwa mtumbwi huo, aliyekuuzia hana haki ya kukukataza kuziba ufa.

Sharti hili limewahi kuzaa matunda, na moja ya matunda hayo ndilo lililomwondolea yule muuguzi rundo la karatasi. Mwaka 2003 waandishi wa programu huria waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani yake, wakadai msimbo wake, na kampuni ikautoa. Kutokana na msimbo huo mradi wa OpenWrt ulianza mwaka 2004. Mwaka huo huo, kule Ujerumani, Harald Welte, mmoja wa waandishi wa kiini cha Linux, alipata amri ya mahakama ya Munich dhidi ya kampuni ya ruta ya Sitecom. Mwaka 2007 waandishi wawili wa BusyBox, Erik Andersen na Rob Landley, walifungua kesi Marekani dhidi ya Monsoon Multimedia, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kesi ya kwanza ya GPL kufikishwa mahakamani nchini humo. Nyingine zilifuata.

Hapo ndipo mgogoro ninaotaka mwuelewe ulipoanza, na haukuwa kati ya waandishi na wauzaji bali kati ya waandishi wenyewe. Landley, ambaye jina lake lilikuwa kwenye kesi ile, alichoka nazo. Alieleza kwamba kesi hizo hazikuwa zimeiletea BusyBox msimbo wa maana, na kwamba ziliwafukuza wahandisi ambao wangeweza kuchangia kwa hiari. Akaendeleza programu nyingine ya kazi ile ile, Toybox, chini ya leseni isiyomdai mtu chochote. Ilipojulikana mwaka 2012 kwamba mhandisi wa Sony alikuwa akihimiza Toybox iwe mbadala wa BusyBox, ubishi ukawaka: upande mmoja walisema mtu ana uhuru wa kuandika programu mpya kwa leseni aitakayo, na upande wa pili walisema BusyBox ndiyo mpini ambao kwa huo walikuwa wakifaulu kupata hata msimbo wa kiini chenyewe, kwa sababu wamiliki wa hakimiliki ya kiini walio tayari kwenda mahakamani walikuwa wachache. Leo Toybox imo ndani ya simu za Android tunazobeba mifukoni.

Namwelewa Landley, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini alichokuwa akikihesabu ni mistari ya msimbo iliyorudi kwa waandishi. Mimi nahesabu vifaa vilivyorudi kuwa hai mikononi mwa wenye navyo, na kwa hesabu hiyo GPL ilikuwa inalipa, hata pale ambapo mwandishi wa awali hakuona faida yoyote. Mjadala wote ule uliendeshwa na watu wanaoandika programu. Sisi tunaonunua visanduku, tena kwa fedha za umma, hatukuwa na mtu wa kutusemea.

Mageuzi ya aina hiyo sasa yamefika kwenye kompyuta kubwa. Amri za msingi ambazo kila seva ya Linux huzitumia, kama za kunakili faili, kuorodhesha na kusoma tarehe, kwa miongo mingi zimetoka kwenye GNU, mradi mkongwe wa programu huria, na sasa ziko chini ya GPL toleo la 3. Mwezi Oktoba 2025 Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux inayotumika sana, katika toleo la 25.10 iliweka badala yake amri zilizoandikwa upya kwa lugha ya programu ya Rust, zilizo chini ya leseni ya MIT, ambayo kikubwa inachodai ni kutajwa kwa mwandishi. Sababu waliyoitoa ni uimara na usalama wa lugha yenyewe, nami sina ugomvi nayo. Muda mfupi baada ya toleo hilo, hitilafu katika amri mpya ya tarehe ilizifanya baadhi ya kompyuta zishindwe kukagua masasisho zenyewe. Ilirekebishwa upesi, na haihusiani na leseni. Naitaja kwa sababu nilipoisoma niliikumbuka ruta yangu nikacheka peke yangu. Saa tena!

La leseni ni hili. Kampuni ikichukua amri zenye leseni ya MIT, ikazirekebisha na kuzifungia ndani ya kifaa, haiwajibiki kumpa mnunuzi mstari hata mmoja. Kiini cha Linux bado kiko chini ya GPL toleo la 2, na sioni dalili ya kubadilika, lakini kila kipande kilicho juu yake kinachobadilishwa kuwa cha leseni nyepesi kinapunguza kile ambacho mnunuzi anaweza kukidai kama haki yake.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisiwaandikie wenye miradi hiyo badala ya kuwasumbua ninyi. Ningeweza, lakini nimeona jinsi maamuzi yao yanavyofanyika. Mwaka 2014 kamati ya kiufundi ya Debian, mfumo mwingine wa Linux, ilipoamua ni programu ipi iwe ya kwanza kuamka mfumo unapowaka, kura za systemd na Upstart zilifungana, systemd ikashinda kwa kura ya uamuzi ya mwenyekiti, Bdale Garbee. Moja ya kasoro za Upstart zilizotajwa sana haikuwa ya kiufundi hata kidogo: Canonical, kampuni iliyoimiliki, ilimtaka kila mchangiaji akubali kwamba mchango wake unaweza kutolewa na kampuni hiyo chini ya leseni nyingine. Waliokataa systemd walijitenga wakaunda mfumo wao, Devuan, uliotoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2017. Ubishi ulikuwa mkali, wengine walijiuzulu nafasi zao, na kila upande ulikuwa na hoja. Ila walikuwa na uwezo wa kujitenga kwa sababu msimbo walikuwa nao mkononi. Mwenye kifaa kilichofungwa hana hata hiyo njia ya kususa.

Zaidi ya hapo, hata leseni ikiwa upande wetu, kuidai kutoka hapa ni safari ndefu. Leseni imesimama juu ya hakimiliki, na kwa kawaida anayeshtaki ni mwenye hakimiliki. Halmashauri ya Ukerewe au ya Buchosa si mwandishi wa kiini cha Linux. Shirika la Software Freedom Conservancy lilifungua kesi California mwaka 2021 dhidi ya Vizio, watengenezaji wa televisheni, likijenga hoja kwamba hata mnunuzi wa kifaa ana haki ya kudai msimbo moja kwa moja kama mnufaika wa leseni. Ni hoja ninayoipenda, lakini sitaki kituo cha afya kisubiri California. Mkataba wenu na mzabuni, uliosainiwa hapa, chini ya sheria zetu za ununuzi, unawafanya ninyi kuwa wadai bila kumtegemea mtu yeyote. Nao unafanya kazi hata kama programu iliyomo ni ya leseni nyepesi, kwa kuwa mzabuni anawajibika kwenu kwa saini yake, haijalishi leseni inasema nini.

Najua vipingamizi vitakavyoletwa mezani. Cha kwanza ni bei. Mzabuni aliyejenga kifaa chake mwenyewe anao msimbo tayari, na kuutia kwenye flashi hakumgharimu zaidi ya bei ya flashi. Asiye nao ni yule aliyeagiza visanduku kutoka kiwandani na kubandika nembo yake juu, naye hataweza kuvitengeneza vikiharibika, hata mkimlipa. Ni heri kulijua hilo kabla ya hati ya malipo kuliko baada yake.

Cha pili ni usalama, na hiki nakichukulia kwa uzito zaidi kwa sababu vifaa hivi hubeba taarifa za wagonjwa. Kukabidhi msimbo kwa halmashauri hakumaanishi kuutangaza. Nywila na funguo za siri si sehemu ya msimbo na hazipaswi kuwa humo; kama zimo, hilo lenyewe ni kosa ambalo mngependa mligundue. Pia kifaa kisichoweza kusasishwa kwa sababu aliyekiuza ameondoka sokoni ni hatari kubwa kuliko kifaa ambacho mafundi wenu wanaweza kukisoma. Kwa kuwa mifumo ya umma iko chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ni vyema kifungu ninachokipendekeza kipitishwe pia kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao kabla ya kuingizwa kwenye zabuni, ili kisije kikagongana na viwango vyao.

Cha tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba hatuna watu wa kuutumia msimbo huo. Hili linaniuma. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na iliwezekana kwa kuwa leseni iliruhusu na msimbo ulikuwepo. Vijana wanaohitimu vyuo vya hapa Mwanza kila mwaka wanajua kuijenga OpenWrt kwa kompyuta ya mkononi. Nimefanya nao kazi, wengine usiku kucha kwa taa ya simu. Kinachowashinda ni mlango uliofungwa.

Kuhusu utekelezaji nina neno moja tu, maana hapo ndipo mambo mazuri hufia. Kifungu kisiishie kwenye karatasi na muhuri. Nimewahi kukabidhiwa flashi yenye msimbo wa toleo jingine kabisa la kifaa, imefungwa vizuri kwenye bahasha ya kaki, na stoo wakaipokea na kuigongea muhuri. Kamati ya ukaguzi na upokeaji ichague kifaa kimoja kati ya vilivyoletwa, bila kumwambia mzabuni ni kipi. Fundi wa halmashauri aijenge programu kutoka kwenye msimbo uliokabidhiwa, aiingize kwenye kifaa hicho, azime umeme, awashe tena, atazame kama kinaunganika na kama tarehe ni sahihi. Ni kazi ya siku moja, labda na nusu. Isipowezekana, vifaa visipokelewe. Nakala ya msimbo itunzwe halmashauri na nyingine itunzwe katika chuo kimojawapo hapa mkoani, kwa sababu flashi za stoo zina tabia ya kuhama.

Ruta ile iko hapa kwenye meza yangu ya kazi Kirumba, na mwenye nayo ameniruhusu kuitumia kwa maonyesho. Kitengo chochote kitakachoniita nitakuja nayo kwa gharama zangu, pamoja na zile nyaya tatu. Nitaiwasha mbele yenu, nayo itawaambia leo ni tarehe ngapi.

Wenu katika kazi,

Fundi wa mitandao,
Kirumba, Mwanza.